Mama anataka nirudi kundini Krismasi hii, na mimi sijui kama Krismasi inanihusu

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 37, ni mhasibu katika duka la jumla Kariakoo, na nina mtoto mmoja wa kiume mwenye miaka 9. Kwetu ni Kilimanjaro, migombani.

Huyu mtoto nilimzaa nje ya ndoa. Baba yake alikuwa mwanakwaya wa usharika wa jirani. Aliniahidi kuja kwetu kujitambulisha, nilipomwambia nina mimba akaacha kupokea simu zangu. Mwaka uliofuata alifunga ndoa kanisani na binti mwingine, na kwaya yake ikamwimbia. Mimi nikatengwa. Kwa wasioujua utaratibu wa sisi Walutheri wa kule kwetu, ukizaa nje ya ndoa huruhusiwi kushiriki Meza ya Bwana mpaka urudi kundini. Unakwenda kwa wazee wa kanisa na mchungaji, unatubu, halafu Jumapili unaitwa jina ibadani na kupiga magoti mbele ya madhabahu, watu wakikutazama. Baba wa mtoto hakuitwa popote. Nilikataa kumtaja, na hakuna aliyehangaika kuuliza mara ya pili.

Siku mwanangu anabatizwa, mama yangu ndiye aliyembeba hadi kwenye kisima cha ubatizo. Mimi nilibaki jikoni namenya ndizi za mtori wa wageni. Vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu, kengele inalia ng'ambo ya bonde, nikasema moyoni basi, mimi na hao tumeachana.

Lakini sikuweza kuachana nao, Shangazi. Huku Dar naenda kanisani karibu kila Jumapili kwa ajili ya mtoto. Sina barua ya utambulisho kutoka usharika wa nyumbani, kwa hiyo sijaandikishwa. Nakaa benchi la nyuma. Watu wakianza kwenda mezani, natoka nje na simu sikioni kama mtu aliyepigiwa.

Mwaka huu mwanangu amepewa kuwa malaika kwenye igizo la Krismasi la shule ya Jumapili. Kila jioni anajifunga shuka jeupe, anapanda juu ya stuli na kusema maneno yake: "Msiogope, kwa kuwa mimi ninawaletea habari njema ya furaha kuu itakayokuwa kwa watu wote." Juzi alipofika pale pa "amezaliwa, kwa ajili yenu, Mwokozi," akanyamaza, akanitazama, akauliza, "Mama, na wewe umo?" Nilimwambia akaoge.

Wiki hiyohiyo mama akapiga simu. Ana miaka 73 na sukari inamsumbua. Amesema Krismasi hii niende nirudi kundini, asije akafa bila kuniona mezani pa Bwana. Ameshazungumza na mzee wa kanisa wa mtaa wetu, imepangwa Jumapili baada ya Krismasi, wakati ukoo mzima umepanda kutoka Dar, Arusha na Nairobi. Wajomba wameahidi ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma. Wamepanga furaha yao bila kuniuliza mimi.

Kaka yangu naye amehamia kanisa lisiloadhimisha Krismasi. Kila siku anatuma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba Desemba 25 ni sikukuu ya mungu jua, na kwamba mimi namfundisha mtoto upagani kwa lile igizo.

Nisaidie. Kama wokovu ni zawadi, mbona kuna foleni na masharti? Mtu kama mimi anaweza kusema Krismasi ni yake? Niende nikapige magoti, au nibaki Dar na mwanangu, au niende nyumbani lakini nikatae hiyo Jumapili? Nimechoka kutoka nje na simu isiyo na mtu.

Wa benchi la nyuma, Dar es Salaam

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikairudia tena usiku.

Umeniletea mambo mawili yaliyosokotana kwa muda mrefu mpaka yanaonekana moja. Kuna jambo lako na Mungu, na kuna jambo lako na usharika. Tangu siku ile jikoni umekuwa ukichukua jibu la usharika na kulipeleka kwenye swali la Mungu. Wao walisema "huruhusiwi kwa sasa", wewe ukasikia "Mungu hakutaki". Mtoto wako kauliza swali la kwanza tu. Hajui lolote kuhusu barua ya utambulisho. Kauliza kama mama yake yumo ndani ya habari njema ile. Basi tuanze hapohapo alipoanzia yeye.

Maneno anayoyasema juu ya stuli yamo katika Injili ya Luka, sura ya 2. Yaliambiwa wachungaji wa kondoo waliokuwa kazini usiku. Tazama namna yalivyopangwa. Malaika hakuanza kwa kuwauliza wamekaaje na wake zao, wala mara ya mwisho walikwenda hekaluni lini. Aliwaambia jambo lililokwisha kufanyika. Mwokozi amezaliwa, na amezaliwa kwa ajili yao. Walipoinuka kwenda Bethlehemu hawakwenda kutafuta kibali, walikwenda kuona walichokwisha kupewa.

Halafu fungua Mathayo, sura ya kwanza, ile orodha ya majina ambayo wengi tunairuka kwa sababu inachosha. Safari hii isome taratibu. Katikati ya wanaume wale wote ametajwa Tamari, aliyezaa na baba mkwe wake. Ametajwa Rahabu, kahaba wa Yeriko. Ametajwa Ruthu, mjane mgeni kutoka Moabu. Ametajwa mke wa Uria, ambaye mfalme Daudi alimchukua kisha akamuua mumewe. Mathayo angeweza kuwaacha nje, na hakuna ambaye angemdai. Amewaweka. Na mwisho wa orodha yuko Mariamu, msichana mwenye mimba ambayo mchumba wake anajua si yake. Mariamu hakuwa na kosa, ila majirani hawakuwa na njia ya kulijua hilo. Yusufu naye, kabla ya kuelezwa na malaika, alikwisha kuazimu kumwacha kwa siri ili asimwaibishe. Ndani ya nyumba yenye aibu ya namna hiyo ndipo jina linapotolewa: "nawe utamwita jina lake Yesu, maana, yeye ndiye atakayewaokoa watu wake na dhambi zao." Unapouliza kama mtu kama wewe anaweza kusema Krismasi ni yake, mwanangu, watu kama wewe wamo kwenye ukurasa wa kwanza kabisa wa Agano Jipya, kabla mtoto mwenyewe hajazaliwa.

Nikuambie jambo hili kwa kitu cha kwenu. Uchagani kuna mmea uitwao sale. Mtu akikukosea kisha akaja kwako na jani la sale mkononi, wazee wanasema huwezi kumnyima msamaha. Ni desturi nzito na nzuri sana. Lakini anayelibeba ni mkosaji. Yeye ndiye anayetembea, ndiye anayesimama mlangoni akisubiri. Mimi Krismasi naielewa hivi: safari hii aliyekosewa ndiye aliyelibeba jani. Mungu hakukaa kwake akihesabu nani kaja na nani hajaja. Ametoka yeye, usiku, akaja mpaka mlangoni petu akiwa mtoto mchanga, na mtoto mchanga hawezi kumtisha wala kumfukuza mtu. Paulo aliliandikia kanisa la Roma kwamba Kristo alikufa kwa ajili yetu "tulipokuwa tungali wenye dhambi". Na Waefeso akawaambia wameokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, "ni kipawa cha Mungu". Hayo yalikuwa kweli juu yako hata ile siku ya kumenya ndizi.

Sasa nivumilie kidogo, maana hapa napenda kukugusa mahali ambapo pengine hutapenda. Umeniuliza mbona kuna masharti, na nimeona uchungu ulioko nyuma ya swali. Lakini angalia usije ukaigeuza neema kuwa hoja ya kumshindia mama yako. Aliyeletewa sale anapaswa kunyoosha mkono. Mkumbuke Zakayo katika Luka 19. Yesu alijialika nyumbani kwake kabla Zakayo hajatoa ahadi yoyote. Ahadi ya kurudisha mara nne alichodhulumu ilikuja baadaye, Yesu akiwa tayari mgeni wake. Toba ilikuwepo, na ilikuwa ya kweli, ya kutoka mfukoni. Ila haikuwa nauli ya kumleta Yesu.

Kwa hiyo jiulize, ukiwa peke yako, ni kitu gani hasa unataka kukitubia. Si mwanao. Mtoto si dhambi, na yeyote atakayezungumza kana kwamba mtoto ndiye kosa, umzuie papo hapo, hata akiwa mzee wa kanisa. Pengine ni yale yaliyotokea kati yako na yule kijana. Pengine hayo ulishayamaliza na Mungu zamani, na kilichobaki ni hasira: kwa mwanamume aliyeimbiwa na kwaya, kwa waumini waliokaa kimya, kwa mama aliyembeba mtoto bila wewe. Nimeona pia kwamba ulikataa kumtaja. Hukusema kwa nini. Huenda ulikuwa unamlinda, huenda ulikuwa unajilinda mwenyewe. Sikudai jibu. Nasema tu kwamba anayekwenda kupiga magoti bila kujua anatubu nini, huwa anarudi na aibu ileile aliyokwenda nayo.

Kuhusu usharika, nataka ujue kwamba imani ya kanisa lenu haiko kinyume na unachokitamani. Walutheri duniani kote wanashikilia Ungamo la Augsburg, tamko lao la imani la mwaka 1530. Kifungu chake cha 4 kinasema mtu huhesabiwa haki bure, kwa ajili ya Kristo, kwa imani, si kwa stahili zake. Kifungu cha 12 kinasema walioanguka baada ya ubatizo wanaweza kupata ondoleo la dhambi wakati wowote wanapogeuka, na kwamba kanisa linapaswa kuwapa ondoleo hilo. Soma tena hapo mwisho. Ni kanisa ndilo lenye wajibu. Kurudi kundini, kwa maana yake iliyo njema, ni siku ambayo kanisa linatimiza deni lake kwako kwa kukutangazia kwa sauti kwamba umesamehewa. Najua kwamba kwenye baadhi ya sharika imegeuka kuwa siku ya watu kumtazama mwanamke, huku mwanamume akiimba kwaya. Hilo linaniumiza, na nadhani linamuumiza hata yule ambaye siku yake ya kuzaliwa ndiyo mnayoisherehekea. Lakini usilihukumu jambo lote kwa namna lilivyofanywa vibaya.

Basi zile njia zako. Ukibaki Dar, utamwona mwanao akiwa malaika, na utapata utulivu ambao naona unauhitaji. Hofu yangu ni mama yako. Miaka 73 na sukari si jambo la kuahirisha kirahisi, na simu ya Krismasi kutoka Dar haitamfikishia unachotaka akijue. Ukienda nyumbani na kukataa ile Jumapili, utakuwa mkweli, lakini ujue utakataa mbele ya ndafu, mbele ya wajomba, mahali ambapo kila neno lako litasikika kama dharau. Ukienda na kupiga magoti kwa kumridhisha mama tu, kuna amani ya siku chache, kisha naogopa utaanza tena kutoka nje na simu, safari hii ukiwa na haki zote za mshirika. Na ukienda kwa moyo wako mwenyewe, hata kama ni mbele ya usharika wote, nimeona watu waliosimama kutoka pale madhabahuni wakiwa wepesi kuliko walivyokuwa kwa miaka. Sijui wewe ungekuwa yupi. Wewe pia, nadhani, hujui bado.

Ipo njia nyingine ambayo hukuitaja. Mama kaongea na mzee wa kanisa, mzee wa kanisa kapanga na wajomba, ila wewe hujaongea na mchungaji. Una haki hiyo. Unaweza kumpigia na kumwomba mzungumze wawili, kabla ya kupanga tarehe yoyote. Muulize kama ni lazima iwe ibadani au inaweza kufanyika ofisini mbele ya wazee wachache. Muulize kama inaweza kuwa siku nyingine, Krismasi ikabaki Krismasi. Muulize usharika unafanya nini kuhusu akina baba. Mwambie kuhusu siku ya ubatizo. Anaweza akakukatalia baadhi ya hayo, na hilo litauma. Hata mchungaji wa huko Dar unakoketi kila Jumapili anaweza kukusikiliza. Huyo anakujua kwa sura, pengine na ile simu yako ameshaiona.

Na mama. Umeandika kwamba wamepanga furaha yao bila kukuuliza, nami naelewa. Ila jaribu kumwona siku ile kisimani, kamshika mjukuu, mwanawe hayupo, majirani wanamtazama yeye. Na yeye alibeba kitu. Anaposema anataka kukuona mezani pa Bwana kabla hajafa, huenda hazungumzii heshima ya ukoo. Huenda ameona nafasi yako iko wazi tangu wakati huo, kila anaposhiriki. Kabla hujaamua lolote kuhusu Jumapili ile, muulize siku ya ubatizo ilikuwaje kwake. Kisha umwambie ilikuwaje kwako, na vile vidole.

Kaka yako nitamjibu kwa kifupi. Kwamba Biblia haitaji tarehe, ni kweli. Kumbukumbu ya Warumi iliyokusanywa mwaka 354 inataja Desemba 25, na wanahistoria wanaihusisha na desturi iliyokuwepo tangu 336. Wapo wanaosema ilichaguliwa kwa sababu ya sikukuu ya jua, wapo wanaosema Wakristo walihesabu miezi tisa kutoka Machi 25. Wakristo wa Ethiopia husherehekea Januari 7, na Kanisa la Armenia Januari 6. Hakuna kati yao anayeabudu tarehe. Kama dhamiri yake haimruhusu kuadhimisha, Warumi 14 inampa nafasi hiyo, na sura hiyohiyo inamkataza kumhukumu ndugu anayeadhimisha. Mwambie kwa upole, tena si kwenye kundi la ukoo. Na mtoto aendelee na igizo lake. Anahubiri Luka 2, na si upagani.

Mtoto wako hakupata jibu, alipata sabuni. Si kitu, watoto hurudi tena kwenye maswali yao. Lakini usimsubiri, kwa sababu kimya chako naye anakisoma. Huna haja ya kumweleza mambo ya watu wazima. Ukiamini hivyo, mwambie, "Ndiyo, nimo." Kama bado huamini, unaweza kumwambia kweli kwamba malaika amesema watu wote, na kwamba mama anajifunza kuyaamini maneno hayo. Kisha mwombe ayaseme tena, nawe usikilize kama mtu anayeambiwa, usisikilize kama mama anayesahihisha makosa ya mtoto. Injili huanza hivyo kwa wengi, kwa kusikia ikisemwa kwao.

Uamuzi wa Jumapili ile siwezi kukufanyia. Ukienda au usipoenda, ukipiga magoti au usipopiga, aliyekuja Bethlehemu alikuja akijua yote unayoyaficha, na akaja. Uamue ukiwa unajua hilo. Ukiamua kwa kuogopa benchi la nyuma, au kwa kuogopa benchi la mbele, utakosa usingizi vilevile.

Mchungaji mpigie mapema, Majilio, yale majuma ya kungoja Krismasi, yangali mwanzoni. Wiki yenyewe ya Krismasi ana ibada za mkesha, ubatizo na harusi, hatakuwa na saa ya kukaa nawe. Tiketi ya basi la Moshi nayo ikate sasa, kwa ajili yako na ya mtoto, maana Desemba ikifika katikati nafasi hazipatikani. Tiketi haikufungi kwa lolote kuhusu ile Jumapili.

Niandikie ukishaongea na mama.

Shangazi